Kamera, tangi la maji na saa tatu zilizopotea

Nimepotea kwa muda, najua. Sikuacha kuandika, nilikuwa na kazi ya nyumbani, na nikisema nyumbani simaanishi hapa Nairobi ninapolala, bali kule kitovu changu kilipozikwa, milimani Taita, juu kidogo ya Mwatate. Leo nitawasimulia kazi hiyo. Kwanza, ina mambo ambayo yatamfaa yeyote anayetaka kuunganisha kamera ya mtandao na seva. Pili, nilifanya kosa moja ambalo bado linaniuma, na ningependa wewe usilirudie. Kosa lenyewe tutalifikia. Tuanze na ngazi.

Mama yangu anaishi peke yake. Nyuma ya jiko lake kuna tangi jeusi la plastiki la lita 5,000, limekaa juu ya jukwaa la mawe. Maji ya mfereji huja kwa mgao, siku moja au mbili kwa wiki, na wiki nyingine hayaji kabisa. Kwa hiyo kujua tangi lina maji kiasi gani si jambo la kujifurahisha. Ndilo linaloamua kama leo atafua au hatafua, kama ng'ombe atanywa nyumbani au atapelekwa mtoni. Na kwa miaka yote njia ya kujua ilikuwa moja tu: kupanda ngazi ya mbao, kufunua kifuniko na kuchungulia.

Machi 2023 alipanda kama kawaida, ngazi ikateleza. Alikuwa na miaka 71. Alivunjika mkono wa kushoto, juu kidogo ya kiganja. Jirani ndiye aliyemkuta chini na kumtafutia gari. Mimi nilipata habari jioni, nikiwa kazini, nikirekebisha programu ya watu wanaouza viatu.

Dada yangu aliyeko Mombasa alinipigia usiku huo. "Wewe si ndiye mtu wa kompyuta? Fanya kitu."

Haya. Nikafanya kitu.

Kwa nini kamera?

Najua baadhi yenu mmeshasema: nunua kihisi cha mawimbi ya sauti, kifunge chini ya kifuniko, kipime umbali hadi kwenye maji, kitume namba. Nililifikiria hilo. Lakini namba ikikosea huwezi kujua imekosea. Kihisi kikiota ukungu kinakwambia lita 3,000 bila aibu, nawe unaamini. Picha ni tofauti. Picha ikiharibika unaiona imeharibika. Tena dada yangu haelewi grafu, ila anaelewa picha ya tangi.

Na wazo lenyewe si geni. Kamera ya kwanza kabisa kujulikana kwenye wavuti ilikuwa na kazi kama hii hii. Mwaka 1991, katika maabara ya tarakilishi ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kulikuwa na chombo kimoja cha kahawa nje ya chumba kilichoitwa Trojan Room. Watafiti waliokuwa orofa nyingine walichoka kupita ngazi na kukuta chombo kitupu. Quentin Stafford-Fraser na Paul Jardetzky wakakielekezea kamera na kuandika programu ya kuonyesha picha ndogo isiyo na rangi, pikseli 128 kwa 128, kwenye mtandao wa ndani. Mwaka 1993 picha hiyo ikawekwa kwenye wavuti, na watu wa dunia nzima wakawa wanaangalia kahawa ambayo hawatainywa kamwe. Kamera ilizimwa Agosti 2001. Mwaka 1996 kampuni ya Axis ya Sweden ilikuwa imeanza kuuza kamera inayojitegemea, yenye anwani yake ya IP, isiyohitaji kuchomekwa kwenye tarakilishi. Kamera za mtandao tunazonunua leo ni wajukuu wa hiyo.

Wao walikuwa wanaepuka ngazi ili wapate kahawa. Mimi nilitaka mama aepuke ngazi. Nikaona ukoo ni mmoja.

Kwanza, bomba

Kamera haioni ndani ya tangi jeusi. Kwa hiyo kazi ya kwanza haikuwa ya tarakilishi hata kidogo. Fundi wa mabomba alikata bomba la kutokea chini ya tangi, akatia kiungo cha njia tatu, na kwenye njia ya tatu tukafunga mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ukapanda wima ubavuni mwa tangi hadi juu. Maji ndani ya mpira husimama usawa mmoja na maji ndani ya tangi. Hii ni fizikia ya shule ya msingi. Ndani ya mpira nikatia kipande chekundu cha plastiki kinachoelea, na nyuma yake nikasimamisha ubao mweupe wenye mistari kumi myeusi, kila mstari lita 500.

Nilikosea mara moja. Nilifunga ncha ya juu ya mpira nikiogopa wadudu, na maji yakakataa kupanda kwa sababu hewa haikuwa na pa kutokea. Fundi alinicheka. Ncha ya juu lazima iwe wazi. Ukiogopa wadudu funga kitambaa chepesi.

Weka bomba hilo akilini, tutalirudia mwishoni.

Kusukuma, si kuvuta

Sasa tuingie kwenye mtandao. Kamera niliinunua Luthuli Avenue, mitumba, bila kisanduku. Ina waya wa mtandao, ina taa za mwanga usioonekana kwa macho za kuonea usiku, na ina ukurasa wake wa mipangilio ambao unaufungua kwa kivinjari. Kule nyumbani niliweka rauta ndogo inayotumia laini ya simu.

Wengi wakinunua kamera ya namna hii hutaka kuifungua kutoka mbali, yaani wewe uko Nairobi unabisha hodi kwenye kamera iliyoko Taita. Kwa rauta ya laini ya simu, mara nyingi haiwezekani. Anwani za IP za aina ya zamani zimekwisha duniani, hivyo kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ukiangalia rauta yako ukaona anwani inayoanza na namba kati ya 100.64 na 100.127, jua uko nyuma ya ukuta wa namna hiyo. Anwani hizo zilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa. Wewe unaweza kutoka, ila hakuna anayeweza kuingia.

Basi usimngoje mgeni abishe hodi, mtume mtoto apeleke barua. Badala ya seva kuivuta picha, kamera inaisukuma. Na hata ukiwa na anwani ya wazi, bado ningekushauri usukume. Oktoba 2016 mashine zilizoambukizwa programu chafu iitwayo Mirai, nyingi zikiwa kamera na rauta za majumbani, zilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn, na tovuti kubwa kama Twitter zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa, hasa Marekani. Mirai haikuwa na ujanja mkubwa. Ilijaribu tu majina na maneno ya siri ya kiwandani, orodha fupi ya kama sitini hivi, na watu hawakuwa wameyabadilisha. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote: badilisha neno la siri la kamera, na kwenye rauta zima ile huduma ya UPnP inayoruhusu kifaa kijifungulie mlango chenyewe.

Upande wa seva

Nina seva ndogo ya kukodi inayotumia Debian. Kamera yangu ni ya zamani, inajua kupakia kwa FTP tu. FTP ni itifaki kongwe, na maneno ya siri hupita wazi njiani kama kadi ya posta. Kama kamera yako inaweza FTPS au HTTPS, tumia hizo. Kama haiwezi, fanya nilivyofanya: mtengenezee mtumiaji wake peke yake, neno la siri lake peke yake, na folda ambayo akiibiwa huibiwi kitu kingine.

Programu niliyotumia ni vsftpd. Ilinilaza saa saba usiku kwa mambo matatu, na nitayataja yote kwa sababu kila mtu atakutana nayo.

La kwanza: 530 Login incorrect. Neno la siri lilikuwa sahihi, nililiandika mara kumi. Tatizo ni kwamba nilimpa mtumiaji gamba la nologin ili asiweze kuingia kwenye seva kwa njia nyingine, na Debian huangalia kama gamba hilo limo kwenye faili /etc/shells. Kama halimo, mtumiaji anakataliwa, na ujumbe unalaumu neno la siri. Ongeza mstari wa gamba hilo kwenye faili hiyo na atapita.

La pili: 500 OOPS, kisha maelezo kwamba vsftpd haikubali kumfungia mtumiaji ndani ya folda anayoweza kuiandikia. Ni tahadhari ya usalama. Usiizime. Fanya folda yake ya juu isiandikike, kisha ndani yake utengeneze folda nyingine, mimi niliiita picha, ambayo ndiyo anaruhusiwa kuandika.

La tatu ndilo baya, kwa sababu halina ujumbe wowote. Kamera inaingia, inakubaliwa, halafu kimya, picha haiji. FTP hutumia njia mbili: moja ya maagizo, kwenye mlango namba 21, na nyingine ya mzigo wenyewe. Katika hali ya zamani, seva ndiyo inayompigia mteja kumletea njia ya mzigo, na kama nilivyosema, kule Taita hakuna anayeweza kuingia. Dawa ni hali inayoitwa pasivu: seva inafungua mlango, kamera inauendea. Weka alama kwenye kisanduku hicho katika kamera, halafu kwenye seva uweke mipaka:

pasv_enable=YES
pasv_min_port=40000
pasv_max_port=40050

Kisha ufungue milango hiyo hiyo kwenye fayawoli ya seva. Ukisahau hilo la mwisho utarudi kwenye kimya kile kile.

Hesabu ya data

Kabla hujachagua kila baada ya muda gani kamera ipige picha, piga hesabu. Picha yangu ya pikseli 640 kwa 480 ina kama kilobaiti 40. Picha moja kila dakika ni picha 1,440 kwa siku, yaani karibu megabaiti 58, na kwa mwezi gigabaiti 1.7. Picha moja kila dakika kumi ni 144 kwa siku, chini ya megabaiti 6, na kwa mwezi kama megabaiti 173. Maji ya tangi hayakimbii. Nikachagua dakika kumi.

Kumbuka uamuzi huu, maana nao umo kwenye kosa langu.

Ukurasa wa kuonyesha

Picha zinaingia folda ambayo haimo kabisa kwenye tovuti. Hii ni makusudi. Mtu akiiba neno la siri la FTP na kupakia faili lenye programu mbaya, litakaa pale kama jiwe. Seva ya wavuti hailijui. Skripti fupi inayoamshwa na cron kila dakika huchukua picha mpya kabisa, huikagua, na huinakili kwenye tovuti kwa jina moja tu, tangi.jpg.

Kukagua nini? Mtandao wa mlimani ni wa kusitasita, na mara nyingi unafungua ukurasa ukakuta nusu ya picha na nusu ya kijivu, kwa sababu kamera bado inapakia. Kila picha ya JPEG huanza na baiti FF D8 na humalizika na FF D9. Skripti inaangalia baiti mbili za mwisho. Kama si hizo, inasubiri dakika inayofuata. Kama ndizo, inanakili kwa jina la muda halafu inabadilisha jina kwa mv. Ndani ya diski ile ile, mv hufanyika mara moja: anayeangalia ataona picha ya zamani nzima au mpya nzima, hataona katikati.

Picha za zaidi ya siku 14 hufutwa na mstari mmoja wa find. Ukiusahau mstari huo, diski itajaa siku ambayo wewe uko safarini.

Na ukurasa wenyewe uwe na neno la siri na HTTPS. Wiki mbili za kwanza sikuweka. Nilijiambia nani atakayetaka kuona tangi la mama yangu? Halafu nikaangalia kumbukumbu za seva nikakuta mashine za kutafuta, zile zinazozunguka usiku kucha zikikusanya kurasa, zimeshaipitia picha mara kadhaa. Nikaona haya. Nikaufunga siku hiyo hiyo.

Usiku

Usiku kamera hujimulikia yenyewe na picha huwa nyeusi na nyeupe. Kipande chekundu hakionekani tena kama chekundu, ni doa tu, lakini doa linatosha. Mwanga ukigonga ubao mweupe moja kwa moja hurudi na kupofusha kamera, kwa hivyo ilinde kwa kuisimamisha pembeni kidogo. Wadudu hufuata joto na mwanga wa taa zile, na buibui hufuata wadudu. Utaamka asubuhi ukute utando mbele ya kioo na picha kama imepigwa ndani ya ukungu. Hakuna programu ya kutibu hilo. Ni mama na ufagio mrefu.

Sasa, kosa

Julai 2023 kila kitu kilikuwa kinafanya kazi. Nilikuwa na fahari kama jogoo. Kila nikinywa chai naangalia tangi. Dada yangu anaangalia tangi. Tukawa tunampigia mama kumwambia habari za tangi lake mwenyewe.

Asubuhi moja nikipitia picha za usiku nikaona mtu. Amevaa leso, ameinama kwenye mfereji ulio chini ya tangi, na mbele yake kuna mtungi wa lita ishirini. Jina la faili, ambalo kamera huliandika kwa saa yake, lilisema 025012. Saa tisa kasoro dakika kumi usiku. Nikarudi nyuma siku mbili. Yuko tena. 024958. Nikamtambua: ni yule jirani.

Damu ilinipanda. Mama mgonjwa wa mkono, maji ya mgao, na mtu anakuja usiku wa manane kuchota? Sikumpigia mama; sikutaka kumtia hofu. Nilimpigia binamu yangu anayeishi karibu, nikamtumia picha, nikamwambia aende akazungumze na mwanamke huyo. Naye akaenda, na kwa vile alikuwa na picha mkononi hakuzungumza kwa upole.

Siku tatu baadaye mama alinipigia. Kwa kawaida mimi ndiye ninayepiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, ile kamera uliweka iangalie maji au iniangalie mimi?"

Nikaanza kueleza. Hakuniacha nimalize.

"Huyo unayemwita mwizi ndiye aliyeniokota chini. Tangu mkono uvunjike, kila alfajiri anakuja, ananijazia mtungi wangu ananiwekea jikoni, halafu anachota wake mmoja. Nilimwambia mimi mwenyewe achote. Sasa siku tatu hajaja, na mimi nimebeba maji kwa mkono mmoja."

Nikasema, mama, lakini saa tisa za usiku?

"Saa tisa gani? Anakuja jogoo wameshawika. Kumi na mbili haijafika, lakini inakaribia."

Nilifungua tarakilishi mikono ikitetemeka. Seva yangu nayo huandika muda ambao kila faili limepokelewa, kwa saa ya hapa Afrika Mashariki. Faili 025012 lilipokelewa saa kumi na mbili kasoro dakika tisa alfajiri. Tofauti ni saa tatu kamili.

Nadhani mmeshaelewa. Wiki ile stima ilikuwa imepotea kule nyumbani. Iliporudi kamera ikawaka, ikauliza saa kwenye mtandao kama nilivyoiagiza, ikapewa saa sahihi ya dunia, UTC. Lakini mpangilio wa ukanda wetu, wa kuongeza saa tatu, ilikuwa imeusahau. Kwa hiyo ilikuwa na saa sahihi kabisa, ya mahali pengine. Laiti ingerudi 1 Januari 1970 kama kamera nyingine zifanyavyo, ningejua mara moja kwamba imechanganyikiwa. Kosa la miaka hamsini linajitangaza, la saa tatu linafanana na ukweli. Julai kule kwetu, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi bado ni giza, kamera bado iko kwenye hali ya usiku, na picha ya alfajiri na picha ya usiku wa manane ni picha moja.

Na zile dakika kumi nilizozichagua kwa kubana data? Picha moja kila dakika kumi huacha dakika tisa na ushei bila shahidi. Mtungi wa mama aliujaza katika dakika hizo. Kuupeleka jikoni, katika dakika hizo. Kamera ilimkuta kwenye mtungi wake tu.

Lakini nisiilaumu kamera. Ushahidi wa pili ulikuwapo kwenye seva yangu mwenyewe, na sikuuangalia. Na ushahidi wa kwanza kabisa ulikuwa mama, ambaye ningeweza kumuuliza kwa simu ya shilingi tano.

Nilipanda basi Ijumaa usiku. Nilimkuta jirani uani kwake, nikamwambia mimi ndiye niliyemtuma binamu, na kwamba picha haikudanganya, mimi ndiye niliyeisoma vibaya. Nilikuwa nimebeba sukari na majani ya chai, nikaona vilivyo vidogo mkononi mwangu. Aliniacha nimesimama kidogo. Kisha akasema, "Ungeuliza, mwanangu. Ungeuliza tu." Akanikaribisha uji. Jumatatu yake alirudi kwa mama. Binamu yangu alichukua muda mrefu zaidi kuomba msamaha, na hilo pia ni deni langu.

Nilichobadilisha

Kamera sasa imegeuzwa na kusogezwa karibu. Inaona ubao, mpira na doa jekundu, basi. Mfereji hauonekani, mlango wa jiko hauonekani. Sikutumia programu kuficha upande mmoja wa picha, kwa sababu kilichofichwa na programu bado kimesafiri hadi kwenye seva. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, nayo huacha nje mambo ya mtu binafsi na ya nyumbani kwake tu, kwa hiyo pengine hakuna ambaye angenishtaki. Lakini mama hakuwa anazungumzia sheria.

Jina la faili la kamera siliamini tena. Skripti inatumia saa ya seva peke yake, na kama saa ya kamera imepishana na ya seva kwa zaidi ya dakika mbili, inanitumia barua pepe. Ni mistari minne ya programu. Ningeiandika mwezi mmoja kabla, kusingekuwa na hadithi.

Je, kamera imesaidia chochote? Desemba mama alikwenda Mombasa kwa dada yangu wiki mbili, nyumba imefungwa. Siku ya tatu tuliona doa linashuka nusu mstari kila usiku, na hakuna mtu wa kuchota. Tulimpigia fundi, akakuta kiungo cha bomba la kwenda jikoni kimelegea. Tungerudi tukute tangi tupu na ukuta umelowa. Kwa hiyo ndiyo, imesaidia.

Lakini kuhusu ngazi nitawaambia ukweli. Mama hana haja ya ukurasa wangu. Siku ile ile fundi alipomaliza kufunga ule mpira, mama alisimama chini, akanyanyua macho, akaona maji yako wapi, akaingia ndani. Hajapanda ngazi tena. Mpira wenyewe uligharimu shilingi mia tatu. Mengine yote niliyowaeleza hapa, seva, FTP, baiti za mwisho za JPEG, yalikuwa ya kututuliza mimi na dada yangu tulio mbali.

Ngazi imekatwa kuni. Jirani alichukua nusu.